Usiache Mbachao

Wahenga hawakubahatisha waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Usiutupe kwa kuutamani msala wa mpita njia, kwa maana mwenyewe ataukunja aende zake, nawe utabaki kulala sakafuni. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi hadi imekuwa kama kengele ya saa nne: tunaisikia lakini hatuisikilizi. Mimi nimeanza kuisikiliza kwa sababu ya vyombo viwili vikuukuu, vilivyo mbali na dunia kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kutengenezwa na mkono wa binadamu.

Vyombo hivyo vinaitwa Voyager 1 na Voyager 2. Wamarekani walivirusha angani mwaka 1977. Voyager 2 kilitangulia tarehe 20 Agosti, na Voyager 1 kikafuata tarehe 5 Septemba. Msomaji asidhani nimekosea hesabu. Voyager 1 kilipewa njia fupi zaidi, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimeshampita mwenzake huko huko juu, ndiyo maana kikaitwa cha kwanza.

Tuukumbuke mwaka huo vizuri. 1977 ndio mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika. Wakati wataalamu kule Florida walipokuwa wakikaza skrubu za mwisho, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zikigawana mabehewa, ndege na meli kama ndugu wanaogombea urithi matangani. Simu ya mkononi ilikuwa haijulikani katika nchi hii. Walimu wetu wengi walikuwa ama wachanga ama hawajazaliwa kabisa.

Kazi ya vyombo hivyo ilipangwa iwe ya miaka 5 hivi. Vipite karibu na sayari ya Mshtarii, vipite karibu na Zohali, vipige picha, basi. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1981. Lakini Voyager 2 kilikuwa bado na nguvu, kikaambiwa kiendelee. Kikafika Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989, na hadi leo hakuna chombo kingine kilichowahi kuzizuru sayari hizo mbili. Kilifikaje huko bila kituo cha kujaza mafuta? Kiliiba mwendo. Kila kilipopita karibu na sayari, mvuto wa sayari ile ulikirusha mbele kwa kasi zaidi, kama mwendesha baiskeli anayeshika ubavu wa lori mlimani na kuliachia akiwa amepata kasi yake. (Mwalimu wa zamu akisoma hapa, ajue kwamba nimetoa mfano tu, sishauri mtu ashike lori.)

Mwaka 2012 Voyager 1 kilivuka mpaka wa upepo wa jua na kuingia katika anga iliyo baina ya nyota. Mwenzake alivuka mwaka 2018. Mwaka 2025, miaka 48 baada ya kurushwa, vyote viwili vilikuwa vingali vinatuma habari nyumbani. Voyager 1 kilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 25 kutoka hapa, kikienda kilomita 17 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Kisumu ukafika Nairobi kwa muda wa sekunde 20 hivi, kabla makanga hajamaliza kukusanya nauli.

Sasa swali lililoninyima usingizi ni hili: kwa nini? Simu zetu hufa baada ya miaka miwili mitatu. Viti vya plastiki huvunjika kabla ya muhula kwisha. Vyombo hivi vina kumbukumbu ya kompyuta ndogo kiasi kwamba picha moja tu ya simu ya siku hizi haiwezi kuenea ndani yake. Redio yao ya kutuma habari ina nguvu ya wati 23 hivi, kama balbu ndogo. Vimekaa katika baridi isiyosemeka, havijaguswa na mkono wa fundi hata siku moja tangu vilipoondoka. Ilikuwaje vikadumu?

Nimesoma nilichoweza kusoma, nikapata sababu tatu. Ajabu ni kwamba sababu zote tatu nilikuwa nimeshaziona katika soko la Kibuye. Kila mkaaji wa Kisumu anajua kwamba Kibuye, hasa siku ya Jumapili, hakuna usichoweza kupata. Katika upande mmoja wa soko hilo ameketi mzee mmoja fundi wa redio. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi makuu. Sisi tunamwita Fundi tu. Ndiye aliyeitengeneza redio ya mama yangu mara nyingi kuliko vidole vyangu, redio ambayo ilinunuliwa kabla mimi sijazaliwa na ambayo mama huisikiliza alfajiri kabla ya kwenda Dunga kununua samaki wa kuuza. Bila redio hiyo mama hajui nani amefariki, wala hajui kama ziwa limechafuka.

Sababu ya kwanza ni akiba. Waliounda Voyager waliweka vitu muhimu viwili viwili: kompyuta mbili mbili, redio za kupokea mbili, na seti zaidi ya moja ya vijipua vidogo vya kugeuzia chombo. Haikupita hata mwaka akiba ile ikahitajika. Mwezi wa Aprili mwaka 1978 redio ya kupokea ya Voyager 2 ilikufa. Ile ya akiba ikashika kazi, lakini nayo ilikuwa na ugonjwa: haikuweza kufuata mawimbi yanapobadilika kidogo. Je, wataalamu walifanya nini? Walijifunza kupiga hesabu ya mawimbi yale ambayo redio gonjwa itaweza kusikia saa hiyo, ndipo wakatuma ujumbe kwa mawimbi yale yale. Ni kama kuzungumza na nyanya ambaye masikio yake yamechoka. Hungoji masikio yapone. Wewe ndiwe unayesogea. Zaidi ya miaka 40 Voyager 2 kimesikilizwa na kuzungumziwa hivyo.

Voyager 1 nacho kilikuwa na vijipua vilivyotumika mara ya mwisho tarehe 8 Novemba 1980. Vikalala. Mwaka 2017, vile vingine vilipokuwa vimechoka, wataalamu waliwaza: kwa nini tusiwaamshe waliolala? Tarehe 28 Novemba wakatuma amri. Vikawaka! Baada ya miaka 37 ya usingizi, viliwaka kama jiko lililoachwa jana usiku.

Fundi wa Kibuye naye ana mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, umejaa viungo vya redio zilizokwisha kufa: transista, kapasita, visu vya kuzungushia stesheni, spika zilizotoboka. Siku moja nilimwuliza kwa nini hatupi takataka zile. Akanitazama kana kwamba nimemtukania ukoo.

“Takataka gani, nyathina?” akasema. “Redio haifi. Inagawana. Hii kitu unaona hapa ilitoka kwa redio ya mwalimu mmoja wa Kondele. Leo iko ndani ya redio ya mamako. Sasa nani amekufa hapo?”

Sikuwa na jibu.

Sababu ya pili ni kujinyima. Voyager havitumii jua kupata umeme, kwa kuwa huko viliko mwanga wa jua ni hafifu mno. Vinatumia joto la madini ya plutoni yanayooza polepole. Vilipoondoka vilikuwa na umeme wa wati 470 kila kimoja. Hiyo si nyingi; pasi ya umeme pekee hutumia mara mbili yake. Na kila mwaka nguvu hiyo hupungua kwa wati 4 hivi. Huwezi kuiongeza. Kwa hiyo kila baada ya muda wataalamu hukaa kitako na kuulizana: tuzime nini ili kilichobaki kiishi?

Walianza na kamera. Tarehe 14 Februari 1990 Voyager 1 kiligeuzwa nyuma kikapiga picha za mwisho, na katika mojawapo dunia yetu yote, pamoja na Ziwa Viktoria na kila aliyewahi kuvua ndani yake, inaonekana kama chembe moja ya vumbi katika mwali wa jua. Kisha kamera zikazimwa. Baadaye vikaanza kuzimwa vipasha joto. Mwaka 2019 walizima kipasha joto cha kifaa kimoja cha Voyager 2. Kifaa kile kikapoa hadi nyuzi 59 chini ya sufuri, baridi ambayo hakikuwahi kujaribiwa ndani yake, na bado kikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kila chombo kiliondoka na aina 10 za vifaa vya uchunguzi. Kufikia mwisho wa Machi 2025 kila kimoja kilikuwa kimebaki na 3.

Jambo hili mimi sikuhitaji kufafanuliwa na profesa. Nyumbani kwetu tunaliita Januari. Karo inapodaiwa na samaki wamepungua, mama huketi jioni akaanza kuzima. Kwanza sukari. Halafu nyama ya Jumapili. Halafu nauli: tunatembea. Lakini kuna vitu ambavyo hajawahi kuvizima hata katika Januari mbaya kabisa: taa ya kusomea, na betri za redio. Ukimwuliza, atakwambia, “Hivyo ndivyo vinavyotutoa hapa.” Kujinyima si umaskini tu. Ni kujua ni nini kisichoruhusiwa kuzimika.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni watu. Kuna methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 Voyager 1 kilianza kubwabwaja. Ishara zilifika, lakini hazikuwa na maana yoyote, kama mtu mwenye homa kali anayezungumza usingizini. Wengi walisema, basi, mzee amefika mwisho. Wataalamu hawakukubali. Walifukua karatasi za zamani zilizoandikwa na wahandisi wa miaka ya sabini, watu ambao hawakuota kwamba chombo chao kingekuja kuugua ugonjwa kama ule. Kila swali walilolituma lilichukua saa 22 na nusu kufika, na jibu saa 22 na nusu nyingine kurudi. Yaani ukiuliza Jumatatu asubuhi, unajibiwa Jumatano.

Polepole wakagundua kwamba kijisehemu kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta kilikuwa kimeharibika, asilimia 3 hivi ya kumbukumbu ile. Kukibadilisha haiwezekani. Basi wakayachukua maagizo yaliyokuwa yamehifadhiwa pale, wakayakata vipande vipande na kuyapangisha katika nafasi nyingine zilizobaki, kama familia iliyounguliwa na nyumba inavyogawanywa kwa majirani: huyu hapa, wale wawili pale. Tarehe 20 Aprili 2024 wakasikia tena sauti yenye akili. Mzee alikuwa amepona.

Jiulize, msomaji mpenzi: kama karatasi zile zingekuwa zimefungiwa maandazi, ingekuwaje? Na kama wazee wasingekuwapo? Mwanasayansi mkuu wa kazi hiyo, Edward Stone, aliishika tangu mwaka 1972 hadi 2022, miaka 50 kamili, na alifariki mwaka 2024. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee nao huondoka. Kinachobaki ni kile walichokiandika na wale waliowafundisha.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kwa sababu nilimkumbuka Fundi. Fundi hana daftari. Kila kitu kiko kichwani. Anajua redio gani hukataa kushika stesheni mvua inapokaribia, na kiungo gani cha redio ya Kijapani huweza kuketi ndani ya redio ya Kichina. Hana mwanafunzi, vijana wanaona ni kazi ya vumbi, wanataka kuuza simu. Na mwaka jana macho yake yalianza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Siku hizi anachomea lehemu kwa kunusa na kupapasa, na mara nyingine anaita mtoto yeyote anayepita: “Wewe, kuja unisomee hii namba.”

Nilipomweleza habari za Voyager 1 na zile karatasi za zamani, alinyamaza kwa muda. Kisha akacheka, akasema, “Sasa hao watu wako wanatengeneza redio bila kuiona?”

“Ndiyo, Mzee. Hawaioni kabisa.”

“Kumbe mimi na wao ni sawa.” Akapangusa mikono yake. “Basi leta daftari.”

Tangu likizo ya Agosti nimekuwa nikienda Kibuye kila Jumamosi niwapo nyumbani. Yeye anazungumza, mimi ninaandika. Anazungumza Kiswahili kilichochanganyika na Dholuo, nami nasafisha baadaye. Tumefika ukurasa wa 38. Hatujamaliza hata nusu, na sijui kama macho yake yatatungoja. Upasuaji wa macho upo, na jamaa zake wanachanga. Lakini hata akipona, siku moja atachoka. Sitaki siku hiyo mkebe wake ugeuke kuwa takataka kwa sababu tu hakuna ajuaye kilichomo.

Huenda mtu akasema, hayo ya Voyager ni ya Wamarekani wenye pesa, yanatuhusu nini sisi wa pwani ya ziwa? Nitamjibu kwa jina moja: Uhuru.

Kuna Uhuru wawili ambao kila Mkenya angepaswa kuwajua. Uhuru wa kwanza ni setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Waitaliano walijenga jukwaa pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia husaidia kukisukuma chombo kinachorushwa kuelekea mashariki. Siku ile ilikuwa sikukuu ya miaka 7 ya uhuru wetu, hivyo Wamarekani wenye setilaiti wakaipa jina la Kiswahili. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi ile alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru huyu aliishi miaka 2 na miezi michache tu, akanyamaza mwaka 1973. Namtaja ili nisije nikadanganya kwamba kudumu ndiko kila kitu. Kuna waishio kidogo wakaacha mengi.

Uhuru wa pili uko hapa hapa kwetu. Ni meli, MV Uhuru. Iliundwa Scotland katikati ya miaka ya 1960, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Tumboni mwake mna reli, ili mabehewa yaingie moja kwa moja kutoka bandarini na kuvuka ziwa bila kupakuliwa. Ilikuwa na pacha wake, MV Umoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka ule wa 1977, Umoja akaenda Tanzania, Uhuru akabaki Kenya. Mtu angetaka kutunga fumbo asingeweza kutunga kali kuliko hilo.

Uhuru alifanya kazi, akachoka, na katika miaka ya 2000 akaegeshwa. Akakaa zaidi ya miaka 10 akiota kutu, gugumaji likija na kuondoka pembeni yake. Wengi walimhesabu kuwa chuma chakavu. Lakini mafundi wa reli wakisaidiwa na wanajeshi wetu wakamrudia, na mwaka 2019 akaanza tena kuvuka ziwa, akibeba mafuta hadi Port Bell nchini Uganda. Hata baada ya meli mpya, MV Uhuru II, kuundwa papa hapa Kisumu, hakuna awezaye kusema kwamba yule wa zamani hakuwa na faida. Mafundi wanaojifunza kuifufua meli kuukuu ndio wanaopata ujasiri wa kuunda mpya. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kutunza kikuukuu ni kazi ya Wamarekani. Tumeifanya ziwani, tena kwa macho yetu.

Lipo jambo moja zaidi, na hili linawahusu hasa wanachama wa Chama cha Kiswahili. Kila Voyager kimebeba sahani ya dhahabu, yaani santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia. Humo mna muziki, mngurumo wa radi, kilio cha mtoto, na salamu katika lugha 55. Mna wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Mna salamu kwa Kiganda, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Nilipoipata orodha ya lugha zile niliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Kiswahili hakimo.

Msomaji, niliumia. Lugha iliyoipa setilaiti jina mwaka 1970 haikupata hata neno moja katika safari ya 1977. Hakuna awezaye kukimbia na kuikabidhi barua ile sasa. Imeshaondoka, na itaendelea kusafiri hata baada ya vyombo vyenyewe kunyamaza. Lakini uchungu ule umenifundisha kitu. Orodha huandikwa na waliopo. Asiyeandikwa leo hataingizwa kesho kwa kulalamika. Lugha nayo ni chombo. Haidumu kwa sababu ni tamu, inadumu kwa sababu kuna watu wanaoitumia kwa kazi ngumu, pamoja na kazi ya kueleza habari za nyota, plutoni na kapasita. Ndiyo maana nimeiandika makala hii kwa Kiswahili, ingawa karibu kila nilichokisoma kilikuwa kwa Kiingereza.

Voyager vitakufa. Tusidanganyane. Umeme utafika mahali ambapo hautatosha hata kifaa kimoja, na siku hiyo antena kubwa za California, Uhispania na Australia zitasikiliza na kukosa jibu. Lakini hakuna atakayesema vilikufa kwa kutupwa. Vitakuwa vimetumika hadi wati ya mwisho, vikisikilizwa na watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa vilipoondoka. Hicho ndicho ninachokiita kifo chema, kwa chombo na kwa mtu.

Basi nina ombi kwa wenzangu. Kila mmoja wetu ana mzee wake: anayeunda mashua Dunga, anayejua majina ya samaki ambao siku hizi hawaonekani nyavuni, aliyewahi kusukuma makaa katika meli za zamani, nyanya ajuaye kufinyanga chungu kisichopasuka motoni. Likizo hii, kabla ya kuomba pesa za simu mpya, nunua daftari la kurasa 96. Kaa naye. Mwulize swali moja, kisha nyamaza uandike. Chama chetu kiyakusanye madaftari hayo katika kabati la maktaba, lile lenye mlango uliolegea. Mlango wenyewe nimeshauuliza: unahitaji bawaba moja tu na skrubu nne. Skrubu ninazo. Zimetoka katika mkebe wa Fundi.